Asumini Zilizochanua Wakati wa Eda

Jumamosi iliyopita nilipita mtaa wa Adelphi, huku ughaibuni, kwa shughuli zangu, nikamwona mwanamke kwenye roshani ya ghorofa ya tatu akihangaika na chungu cha maua. Redio ilikuwa imetangaza kwamba baridi ya kwanza ya kugandisha ingeshuka usiku huo, naye alikuwa akikiburuta ndani kinyumenyume, huku matawi ya mti yakimkwaruza usoni. Niliegesha gari pembeni nikamtazama mpaka akafunga mlango. Simjui yule mama, lakini kazi ile naijua, rafiki yangu, na jengo lile nalijua, maana nilikulia jengo la pili yake.

Tulikuwa watu watano katika vyumba viwili. Baba aliendesha malori ya masafa marefu, na kumwona katikati ya wiki ilikuwa bahati. Mama alikuwa akimtunza mzee mmoja kule Columbia Heights. Alitoka nyumbani tungali tumelala, akapanda basi kisha treni, na jioni akarudi hivyo hivyo. Bibi, mama yake mama, alikuja kutoka Tanga kumlea mdogo wangu aliyekuwa bado anatambaa. Babu alibaki kwao kuangalia nyumba. Nyumba yetu ilinuka vitunguu na nguo zisizokauka, na hita iligonga ukutani kama mtu anayedai kufunguliwa.

Bibi alipokuja, alikuja na kipande cha shina la mwasumini, kimefungwa kitambaa kibichi na kuviringishwa ndani ya kanga. Kilipitaje uwanja wa ndege hakuna aliyeuliza, na bibi hakuwa mtu wa kujibu asichoulizwa. Babu ndiye aliyekikata kutoka mti wa uani kwao, akamwambia bibi ampandie mwanawe. Kule Tanga, babu alikuwa na desturi yake: kila alasiri alichuma vitumba vya asumini kabla havijafunguka, akaviweka kwenye kisahani kando ya kitanda cha bibi, na ikifika isha chumba kizima kinanukia. Bibi alinisimulia hayo akichambua mchele, bila hata kutabasamu, kama anayenieleza saa za basi.

Kiangazi kile mti ulishika kweli kweli. Ulipanda kamba tulizozifunga kwenye chuma cha roshani, ukatoa maua mpaka majirani wa chini wakawa wanainua vichwa. Majani ya miti ya barabarani yalipoanza kuwa mekundu, mama akauingiza ndani, akauweka kwenye dirisha la chumba nilicholala na bibi, kwa sababu ndilo pekee lililopata jua. Hapo ndipo ligi ilipoanza. Mama alipunguza maji, maana aliambiwa mti wa ndani ukilowa sana wakati wa baridi mizizi inaoza. Bibi aliyaongeza, maana kwao kutoumwagilia mti kila siku ni kuutesa. Majani yakaanza kudondoka, kwanza moja moja, kisha kwa fujo, na kila mmoja akawa na uhakika kwamba mwenzake ndiye muuaji. Kazi yangu ilikuwa kufuta majani yaliyobaki kwa kitambaa cha maji ya sabuni, kuondoa vidudu, na kujaza maji kwenye sinia la kokoto chini ya chungu ili hewa ya hita isiukaushe. Nikiugeuza mti kwa haraka bibi ananiambia, "Usiushtue." Basi nilijifunza kutoushtua.

Simu ya Tanga ilikuja Januari, asubuhi. Babu alikuwa ameanguka baada ya sala ya alfajiri, hakuamka tena, na walikuwa wamekwisha kumzika. Huku kwetu bado giza, na mlio wa simu ndio ulioniamsha. Mama makaratasi yake yalikuwa hayajakaa sawa, angetoka asingerudi. Alisimama jikoni na simu mkononi, kisha akavaa sare yake akaenda kazini, kwa sababu mzee wa watu alikuwa akisubiri kuvishwa. Sikumwona akilia siku ile wala zile zilizofuata.

Bibi akaanza eda pale pale habari zilipomkuta. Kama hujakaa na watu wa pwani, mke aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi, havai mapambo, hajitii manukato, wala ua halimgusi nywele. Alivaa nyeupe, akakaa chumbani kwetu, na mimi nikajifunza kutembea polepole.

Na ule mti, kati ya dirisha lenye jua na hita iliyowaka kutwa, ukadhani ni kiangazi. Februari ukatoa vitumba. Jioni moja vikafunguka vitatu, vinne, na harufu ikajaa chumba kizima.

Bibi akasema mti utolewe. Mama akasema nje utakufa. Akatundika shuka kati ya kitanda na dirisha, lakini harufu haijui shuka. Akampigia simu ustadhi mmoja wa Laurel, naye akamjibu kwamba maua yaliyo chunguni si pambo la mtu, hakuna ubaya. Mama akarudi na jibu hilo chumbani kama aliyeshinda kesi.

"Sikuuliza kama ni dhambi," bibi alisema. "Nimesema siwezi."

"Mama, kaburi la baba sijaliona," mama akajibu. "Na sijui nitaliona lini. Mimi nina huu mti tu."

Baada ya hapo hawakusemezana. Mwambie mama yako chai ipo. Mwambie bibi yako nimekwisha kunywa. Nilikuwa nikipeleka maneno kutoka jikoni hadi chumbani, hatua chache tu, na kila mmoja alikuwa amemsikia mwenzake vizuri kabisa. Kila jioni vilifunguka vingine. Nilikosa usingizi kwa hofu, maana niliwapenda wote wawili, na mti ni mmoja.

Kisha ikaja siku niliyorudi shuleni nikakuta nyumba imepoa kama friji. Bibi alikuwa ameuburuta mti peke yake mpaka roshani. Nguo zake nyeupe zilijaa udongo kifuani na magotini. Alikuwa ameufunga mlango wa kioo, akaketi sakafuni akiupa mgongo, na mdogo wangu amemlalia miguuni. Nje upepo ulikuwa ukiutikisa mti, na jua limeanza kuinama.

"Bibi, it's going to die," nikamwambia. Siku zile Kiswahili nilikielewa chote, ila mdomo wangu ulijibu Kiingereza.

"Najua utakufa. Kaa."

Nikakaa. Bibi hakuutazama, lakini mimi nilikuwa nimeuelekea, nikaona majani ya juu yakianza kulegea. Mama angefika magharibi. Nikifungua mlango nitakuwa nimemvunjia bibi heshima katika msiba wake. Nisipofungua, mama ataingia akute kitu pekee alichopewa na baba yake kimeganda. Sijawahi kuogopa mlango wa mbele wa nyumba yetu kama siku ile.

Ukagongwa. Hakuwa mama. Alikuwa jirani wetu Mkongomani wa mlango wa pili, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, aliyezoea kumletea bibi chakula tangu msiba ulipotokea. Alishika sufuria ya sombe, ndiyo kisamvu cha kwao. Akamtazama bibi, akautazama udongo kwenye zulia, akautazama mti nje. Akaweka sufuria chini.

"Mulete hii maua kwangu, mama," akasema. "Kwangu hakuna matanga."

Bibi, bila kugeuka, akauliza, "Majani yamekuwa meusi?"

"Kidogo," nikamjibu. "Ya juu tu."

"Basi wahini."

Tulikuwa tumeubeba mti katikati ya ukumbi wa jengo, jirani upande huu na mimi upande ule, mama alipotokea kwenye ngazi. Alisimama. Aliyaona majani yaliyoungua, akamwona mama yake mlangoni na udongo kwenye nguo za eda. Nilisubiri maneno makali. Akaweka mkoba chini, akanisogeza, akashika upande wangu wa chungu.

Tangu siku hiyo mama akitoka kazini alibisha kwanza kwa jirani. Alikaa na mti kidogo, kisha akanawa mikono mpaka kwenye viwiko kwenye sinki la jirani, asije akamletea bibi harufu. Bibi alisikia hatua zake zikipanda ngazi na alijua muda uliopita kabla mlango wetu haujafunguliwa. Hakuuliza hata mara moja. Ila walianza kusemezana, kwanza habari za chumvi, kisha za mtoto.

Eda iliisha joto limeshaingia. Bibi akaoga, akavaa kanga mpya, akaniagiza kwa jirani nikachume vitumba ambavyo havijafunguka. Nilidhani anavitaka mwenyewe, na nilifurahi kwa ajili yake. Alivitunga kwenye uzi, vyote, akasubiri. Mama alipoingia, hata viatu hajavua, bibi akamkalisha sakafuni kati ya magoti yake kama mtoto anayesukwa, akamfungua kitambaa cha kichwani, akaanza kumfunga zile asumini kwenye nywele.

"Baba yako alisema nikupandie wewe," alimwambia. "Nilisahau ni wa nani."

Mama akalaza kichwa mapajani mwake, akalia. Alimlilia baba yake kwa sauti, siku ile ndipo alipomlilia, na bibi hakumnyamazisha. Mimi nilimchukua mdogo wangu tukatoka ukumbini, na jirani akatufungulia kwake kabla sijagonga.

Bibi alirudi Tanga, na huko ndiko alikozikwa. Jirani alihamia jimbo jingine tukapotezana. Mti wenyewe ulikufa tulipohama mara ya pili. Sasa nina nyumba Laurel, madirisha mapana, nami nimepanda mwasumini mwingine, na kila mwaka nauingiza mapema kabla ya baridi. Mama alifariki majira ya baridi ya mwaka juzi. Siku chache baada ya kumzika, asumini zikachanua. Nilikaa chumbani na harufu ile nikamwelewa bibi vizuri kuliko nilivyotaka. Nilitoka mpaka nje ya mlango, nikatazama nyumba za mtaa wetu, taa zinawaka zote, na nikajua hakuna hata moja ninayomjua mtu wake kiasi cha kumbebesha mti. Nikarudi ndani. Nikalala sebuleni mpaka zilipokwisha.