Hatua Kumi na Mbili Kutoka Mlangoni

Saa moja asubuhi, kabla tingatinga halijawashwa, Babu Mashimo anainama kwenye kizingiti cha nyumba isiyo na paa. Analaza fimbo chini, anachora mstari inapoishia, anailaza tena.

"Moja. Mbili..."

"Mzee, unapima kiwanja au unaua nyoka?" anauliza fundi mmoja.

"Cheka tu, mwanangu. Ukitumbukia ndiyo utanijua."

Kwa miaka arobaini mzee huyu alichimba mashimo ya vyoo vya mtaa huu mkongwe. Nyumba za udongo ziligeuka za matofali. Sasa zinapisha maghorofa. Mabomba ya majitaka yalipofika, mashimo yalifunikwa yakasahaulika. Ramani haipo, hivyo wajenzi walimpa kazi ya kuweka alama yalipo. Yeye hukumbuka kwa hatua: kwa mshona viatu, tisa kutoka mlango wa mbele; kwa mkunga, kumi na moja, upande wa jikoni.

Mwezi uliopita alikosea. Lori la kokoto lilipita mbele kidogo ya alama yake, tairi la nyuma likazama. Hakuna aliyeumia.

"Shikamoo nitakupa, mzee wangu," msimamizi wa ujenzi alimwambia, "lakini kazi, hapana."

Aliyegundua kosa ni binti yake, fundi cherehani. Choo cha kwao bado kinatumika, na tangu utotoni ameambiwa kiko hatua kumi na mbili kutoka mlangoni. Akamtaka baba ahesabu. Zikatoka kumi na tano.

"Baba, shimo halijahama. Wewe ndiye umefupika."

"Ni goti hili," alisema mzee akilipapasa. "Limenilia hatua bila kuniaga."

Binti alichukua futi ya kupimia nguo, akapima umbali ule, akagawa kwa kumi na mbili. Akakata fimbo yenye urefu wa hatua ya baba yake enzi za ujana.

Leo ni jaribio, kwa mshona viatu. Fimbo inalala mara ya tisa. Kibarua anachimba taratibu mpaka sururu inagonga zege. Ni mfuniko.

Msimamizi anautazama, kisha anamtazama mzee. "Kesho saa moja, Babu. Usichelewe."

Yamebaki mashimo arobaini na moja. Anataka yote yaingie kwenye karatasi kabla milango haijabomolewa, maana bila mlango hana pa kuanzia. Nyumba yake mwenyewe imo kwenye orodha ya kubomolewa. Ameomba ivunjwe mwisho.

"Fimbo inaweza kuvunjika," anasema. "Nitakwenda kuipima wapi tena?"