Mtani Wangu Aliyesomea Biashara

Jumanne nililetewa habari kwamba mtani wangu wa Mwananyamala amefariki. Yeye Mzaramo, mie Mnyamwezi, kwa hiyo desturi ilinitaka niende msibani nikamtanie maiti. Wasomaji mnanijua: kwangu mie, kutoka barazani Kinondoni hadi njia panda ni safari ya kuagwa na majirani. Hata hivyo nilikwenda.

Bwana huyu alikuwa wa kwanza mtaani kwake kwenda chuo kikuu ng'ambo kusomea biashara. Mie niliyeishia sekondari nilimcheka: "Mtani, biashara nayo husomewa? Bibi yako aliuza vitumbua bila kuvuka maji!" Akanijibu, "Bibi aliuza vitumbua maisha yake yote, akafa na chungu kilekile. Nakwenda kujua kwa nini." Nililipenda jibu lile, nikawa nalirudia kila mahali kana kwamba nimelitunga mie.

Likizo moja alirudi na daftari. Mwalimu wake alitaka aandike jinsi Waafrika wa Temeke wanavyofanya biashara ya nazi. Nikatoka barazani siku tatu mfululizo, mke wangu akadhani naumwa, nikampeleka kwa mama mmoja mjane aliyekuwa akinunua nazi Kimbiji na kuziuza kwa jumla Temeke. Mama alisita. "Wanangu, haya mnayoniuliza hata shoga yangu hayajui." Mie ndiye niliyemsukuma: "Mwambie tu, mama. Ni mtoto wetu huyu, anasoma ili aje atufundishe." Basi akamweleza yote: nazi za nani huanguliwa mwezi gani, mzee yupi huamkiwa kwanza kabla ya kutajiwa bei, yupi ukimpelekea tumbaku hamuuzii mwingine. Mtani akaandika mpaka wino ukamwishia.

Alipohitimu hakumfundisha mtu. Aliajiriwa na kampuni moja ya wageni mjini, na msimu uliofuata lori la kampuni likatangulia Kimbiji, lina tumbaku, na dereva anajua pa kuanzia kuamkia. Mama alipofika alikuta makumbi tu, nazi zimekwisha kuchukuliwa. Nilimfuata mtani ofisini kwake, wala hakukana. "Ndiyo biashara, mtani. Kule tulifundishwa kulijua soko, hatukufundishwa kulionea haya." Nikacheka, kwa mazoea tu. Kicheko kile kinaniuma hadi leo.

Msibani nilimkuta mama yule anakuna nazi za watu wengine, kibarua. Wafiwa wakanihimiza, "Haya mtani, mtanie mwenzio!" Nikageuka kutafuta viatu vyangu. Mama akasema bila kuinua macho, "Mwacheni. Marehemu alisoma kwangu, cheti akapewa kwingine. Utani gani utauzidi huo?" Watu walicheka sana. Yeye hakucheka, akaendelea kukuna.

Siku hizi barazani wanasema ipo siku Tanganyika nayo itakuwa na chuo kikuu chake. Na kije, tena kifundishe biashara, maana mtani hakukosea kuuliza habari za bibi yake. Ila mwanafunzi kabla hajafungua daftari aulizwe: ukishayajua ayajuayo mama wa Temeke, utamrudishia nini? Na sie wenyeji tunaowatembeza wasomi tukumbuke kwamba riziki ya mtu mwingine si yetu kumkirimia mgeni, hata mgeni huyo akiwa mtoto wa nyumbani.