Ukuta wa Rangi ya Maji

Siku ya makumbusho ya babu yangu, Kukhu aliinuka katikati ya wimbo, akabeba karai la maji kwa mikono miwili na kuyamwaga yote kwenye ukuta wa sebule yake. Mchungaji alikuwa ameketi karibu kiasi cha kulowa viatu. Mpiga gitaa hakuacha kupiga. Mimi nilikuwa sakafuni, chini ya ukuta ule ule, na nililowa kichwa hadi magoti.

Nawaambia haya mapema kwa sababu nikianzia kwingine nitachelewa kufika. Kazi yangu ni rangi. Nachora picha, na picha zisipopata mnunuzi, jambo ambalo si geni, huwachagulia watu rangi za nyumba zao na kuzipaka mwenyewe. Kabla ya kupaka ukuta wa saruji huuloanisha kwanza. Basi ile harufu inayopanda wakati huo, harufu ya vumbi lililokaa na kiu kisha likanyweshwa, hunirudisha sebuleni kwa Kukhu, upande wa Navakholo, magharibi mwa Kenya, Desemba moja ya miaka ya tisini.

Kukhu ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. Jina lake lilikuwa Rebeka. Sisi tulikaa mjini Kakamega, mtaa wa Shieywe, na kila shule zilipofungwa mama alinipeleka kwake, kwenye nyumba ya mabati iliyozungukwa na miwa. Kuta zake zilikuwa za udongo, zimepigwa plasta ya saruji ndani na nje, lakini hazikuwa zimewahi kuonja rangi. Kukhu alizipamba kwa alichokuwa nacho: kalenda za miaka iliyopita zenye picha za maua, vitambaa alivyofuma mwenyewe juu ya kila kiti, na kimoja juu ya redio, kana kwamba redio nayo ingeweza kushikwa na baridi.

Babu alikuwa mpiga gitaa. Si la umeme. Gitaa kavu, kama wasemavyo wenyewe, lililopigwa kwa vidole viwili huku mwenzake akigonga na kukwaruza chupa ya soda yenye matuta. Alipiga kwenye harusi, kwenye klabu za pombe na kwenye matanga. Kwa hiyo Jumamosi nyingi hakuwa nyumbani, na Jumapili nyingi alikuwa nyumbani lakini amelala. Alipofariki nilikuwa mdogo mno, na ninachokumbuka kwake ni kucha ndefu ya kidole gumba tu.

Mwaka huo familia iliamua kumfanyia makumbusho, ile ibada ambayo kwetu hufanywa kaburi likishatulia, watu wakiwa wamemaliza kulia na sasa wanaweza kula vizuri. Baba mdogo Hagai, mwanawe wa mwisho, aliyefanya kazi kiwanda cha sukari, ndiye aliyeshika mipango. Alimwuliza mama yake anataka nini siku hiyo.

"Sitaki leso mpya. Sitaki tarumbeta," Kukhu akasema. "Nataka nyumba yangu ipakwe langi ya maji."

Alisema langi, kama watu wengi wa kwetu, na mimi pia nilisema hivyo mpaka mwalimu aliponivuta sikio.

Hagai alifurahi, maana ombi lilikuwa jepesi. Wauzaji wa rangi wanajua aina mbili: rangi ya mafuta, inayong'aa na kunuka, na rangi ya maji, ile inayochanganywa na maji na kukauka upesi. Akaenda mjini Kakamega, akaomba rangi ya maji, akaulizwa rangi gani, naye akachagua krimu, kwa sababu nyumba za wakubwa wa kiwandani zilikuwa krimu. Siku Kukhu alipokwenda sokoni, yeye na mama yangu wakatoa viti nje na kuanza. Walitaka arudi akute ajabu. Walikuwa wamemaliza kuta tatu aliposimama mlangoni na kikapu chake.

"Hagai. Hii ni nini?"

"Si ni rangi, Mama. Ya maji, vile ulisema."

"Hii ni maziwa. Maziwa imelala. Mimi nilisema langi ya maji."

"Hii ndiyo inaitwanga rangi ya maji!"

"Na mimi nakuambia, maji haikuwanga hivi."

Hapo ndipo tulipoelewa. Kukhu hakuwa akizungumzia kilichomo ndani ya mkebe. Alitaka ukuta uwe na rangi ambayo maji yanayo.

Hagai alishusha brashi. Ukuta wa nne, ule unaotazama mlango, ukabaki na kijivu chake cha saruji. Kesho yake akaleta buluu hafifu, mabaki ya rangi iliyopakwa darasani katika shule ya jirani, akapaka kiraka kidogo kwenye ukuta ule na kumwita mama yake. Kukhu alicheka hadi akashika mwimo wa mlango.

"Ai! Mwanangu, wewe nilikuwa nakunywesha maji ya wapi?"

"Kwa vitabu maji ni buluu, Mama."

"Basi enda ukachote kwa kitabu."

Mimi niliona hapa ndipo pa kuonyesha kwamba karo yangu haikupotea. Nikasema mwalimu wa sayansi alitufundisha maji hayana rangi, hayana ladha, wala hayana harufu. Kukhu alinigeukia kwa upole. Aliniita mke mwenzake, ule utani wa nyanya na wajukuu wa kike.

"Mke mwenzangu, ukisikia kitu haina langi, haina tamu, haina harufu, hiyo si maji. Hiyo ni uwongo."

Mama yangu akacheka, lakini Hagai hakucheka. Alikuwa mtu wa kiwandani, aliyezoea kitu kikiharibika kitafutiwe spea. Akasema makumbusho yanakaribia, wageni wamealikwa, na ukuta utapakwa krimu upende usipende. Kukhu akaokota kikapu chake.

"Paka. Lakini hiyo siku mimi nitakaa jikoni. Nyinyi mkumbuke bwana yangu huko kwa maziwa yenu. Mimi nitakuwa na moshi yangu."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotutisha. Makumbusho ambayo mjane amekataa kuingia si makumbusho. Ni aibu iliyopikiwa chakula. Hagai hakugusa ukuta ule tena. Kwa siku zilizofuata nilimwona akisimama mbele yake asubuhi na jioni kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

Nilijaribu kusaidia kwa njia ya kitoto. Tulipokwenda kisimani nilimwonyesha Kukhu maji kila mahali yalipobadilika. Chini ya majani ya nduma yalikuwa meusi. Yaliporuka kwenye jiwe yalikuwa meupe. Kule chini yalipoungana na kijito yalikuwa chai. "Ni hii?" nikauliza. "Ama ni hii?" Kila mara alitikisa kichwa. Mwishowe akasema, "Nikiiona nitajua," akajitwika mtungi wake, na mazungumzo yakaisha. Nimewapakia watu wengi nyumba zao tangu wakati huo, na karibu wote huanza na maneno hayo hayo. Nikiiona nitajua. Huwa siwacheki.

Siku moja kabla ya makumbusho alifika Mzee Zablon, aliyepiga gitaa pamoja na babu tangu ujana wao. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alibeba gitaa lake ndani ya gunia la sukari. Aliketi kwenye baraza, kati ya sebule na jiko, akaanza kukaza nyuzi. Mimi nilikaa karibu, maana sikuwa nimewahi kusikia gitaa isipokuwa redioni. Redio huanza wimbo ukiwa umekwisha kupikwa. Huyu aligusa uzi, akasikiliza, akanung'unika, akageuza ufunguo, akagusa tena. Nilishangaa kwamba wimbo unaweza kukosewa.

Hagai akaja kuketi naye. Baada ya salamu na habari za miwa, akatoa la moyoni.

"Mzee, huyu mama atatuua na rangi ya maji. Ametoa wapi hii maneno?"

Zablon akacheka kwa pua. "Si ni wimbo wa baba yako! Ule alimwimbia mama yako wakati wa kumtafuta."

Akauimba kidogo, kwa Kiluhya, kwa sauti ya chini. Kwa Kiswahili ni kama hivi: Rebeka, njoo, nitakujengea, nitakupakia rangi ya maji. Hagai alitoa macho. Alikuwa akiusikia wimbo ule maisha yake yote, hata kugonga chupa alijifunza kwa wimbo ule, na hakuwa amewahi kusikiliza maneno.

"Sasa alikuwa anamaanisha rangi gani?"

"Rangi gani tena? Hakuna. Alikuwa anatafuta neno linaingia kwa nyuzi. Alijaribu mabati, ikakataa. Akajaribu maua, ikakataa. Maji ikaingia. Hapo tukakunywa, tukalala."

Nilicheka pamoja nao. Kisha nikageuka, na nikamwona Kukhu. Alikuwa kwenye mlango wa jiko, ulio wazi, ameshika karai. Sikujua alikuwa amesimama hapo tangu lini. Zablon alikuwa amempa mgongo. Hagai alikuwa akimtazama Zablon. Kukhu alimwaga maji machafu uani, kama alivyofanya mara nyingi kwa siku, akarudi ndani.

Siku ya makumbusho watu walijaa. Wanawake walisonga obusuma, ugali wetu, tangu alfajiri, ingokho, yaani kuku, zikachemka kwenye masufuria makubwa, na mimi nikavishwa gauni langu la manjano la Krismasi kabla ya Krismasi. Ibada ilikuwa sebuleni, waliokosa nafasi wakasikilizia dirishani. Kukhu alibaki jikoni, kama alivyosema. Mchungaji alisoma, akaomba, akamtaja mjane, na kila mtu akatazama kiti kitupu chenye kitambaa kipya. Mama yangu alitoka kumwita akarudi peke yake. Hagai alikuwa akijifuta jasho ingawa hapakuwa na joto.

Ndipo Zablon, bila kuambiwa, akatoa gitaa kwenye gunia. Mama mmoja wa kanisa akaguna kwamba huo ni muziki wa klabu. Zablon akamjibu, "Dada, huyu tunakumbuka alikuwa wa klabu. Ama tumkumbuke mwingine?" Akaanza. Hagai akachukua chupa yake na kuingia, kwanza kwa woga, kisha kwa uhakika. Ulikuwa wimbo wa Rebeka. Muziki wa mtu aliye mbele yako una pumzi ndani yake. Niliona bega la Zablon likipanda kabla ya sauti kushuka, na nilihisi sakafu ya saruji ikiitikia chini ya miguu yangu.

Walipofika kwenye jina lake, Kukhu aliingia na karai lililojaa maji safi. Nilidhani ni ya wageni kunawa mikono. Aliketi kwenye kiti chake, karai mapajani, akasikiliza mpaka ule mstari. Zablon aliimba neno maji. Kukhu akainuka, akayamwaga.

Chupa ilinyamaza. "Gonga, kijana!" Zablon akasema bila kugeuza kichwa, na Hagai akagonga.

Ukuta ulibadilika. Kile kijivu kilichokuwa kimechoka kikawa kizito, cheusi katikati na laini pembeni, kama wingu linaloleta mvua. Kiraka cha buluu cha Hagai kikakolea hadi kikapendeza. Maji yalishuka kwa michirizi, na mchirizi mmoja ulishika mwanga wa mlangoni. Nilijitazama. Manjano ya gauni langu, pale yalipolowa, yalikuwa yamegeuka dhahabu. Siwezi kusema nilielewa. Nilikuwa nikitetemeka na kufikiria jinsi mama atakavyonichapa. Miaka mingi baadaye, nikiwa na brashi mkononi, ndipo nilipoona kwamba mwalimu wangu alikuwa sahihi, na Kukhu naye alikuwa sahihi: maji hayana rangi yake, lakini kila kitu yakikigusa hutoa rangi kilichokuwa kimeificha.

Kukhu aliketi akiutazama ukuta. Uso wake ulikuwa umetulia, si wa hasira, si wa furaha. Zablon alirudia ubeti, akaurudia tena, na sikumwona mtu yeyote akimwambia inatosha. Ukuta ulianza kukauka juu, karibu na dari, kijivu cha zamani kikishuka polepole. Alipoacha kupiga, ni chini tu palipobaki na giza. "Sasa wape watu chakula," Kukhu akasema.

Hakueleza kamwe. Nilipomwuliza nikiwa msichana mkubwa, aliniambia, "Si uliona?" Ukuta ule haukupakwa tena maisha yake yote. Kila aliyetaka kuupaka aliambiwa umeshapakwa.

Sasa ni zamu yake. Desemba hii tunamfanyia Kukhu makumbusho, na wajukuu wanataka nyumba ing'ae. Hagai, ambaye sasa nywele zake ni nyeupe kuliko mchele, alinipigia simu wiki iliyopita. "Wewe ndiye mtu wa rangi. Ule ukuta, ukuje uamue." Nikamwuliza kama anadhani mama yake alisikia yale aliyoyasema Zablon barazani. Ikiwa hakusikia, basi alimwaga maji yale kwa imani, akimsaidia mumewe kutimiza ahadi. Ikiwa alisikia, basi lilikuwa jibu, na huenda lilikuwa jibu kali kuliko tulivyojua. Rangi nitakayobeba inategemea hilo, au pengine nibebe karai tu.

Hagai akasema yeye wakati ule alikuwa akimtazama Zablon. Zablon mwenyewe ameshazikwa. Nimebaki mimi tu niliyegeuka, na ninachojua ni hiki: mlango wa jiko ulikuwa wazi, na karai lilikuwa mikononi mwake.