Bega la Kulia la Nkwabi

Kwa miaka minne hapakuwa na mtu kuzunguka Segese aliyemshinda Nkwabi kurusha mkuki. Kila baada ya mavuno wanaume walishindana mbele ya mtemi, na mkuki wake ndio uliokwenda kuchoma ardhi mbali kuliko yote.

Mwaka 1934, wiki tatu kabla ya mashindano, bega lake la kulia lilianza kuuma. Akanyamaza, akazidi kurusha, akidhani maumivu yatapotea yenyewe. Siku moja alikuwa akipandisha nyasi za kuezekea, mkono ukagoma kupita sikio. Hapo hofu ikamwingia. Aliwaza kwamba amerogwa, au mfupa umeoza, na kwamba hatashika jembe tena. Mkewe, Scolastika, akamwambia waende Mwakitolyo kwa Mbuke, mama aliyejulikana kwa kuunga mifupa.

Mbuke aliitikia shikamoo zao, akalibonyeza bega, akauzungusha mkono taratibu. Kisha akampa Nkwabi fimbo nyepesi, akamtaka aonyeshe anavyorusha, polepole. Cha ajabu, yeye alitazama miguu.

"Mfupa uko mahali pake," akasema. "Mishipa ya nyuma ya bega ndiyo iliyoumia. Unarusha kwa mkono peke yake, mwanangu. Mguu umelala, kiuno kimelala, bega linafanya kazi ya mwili mzima."

"Kwa hiyo sitakuwa kilema, mama?"

"Hutakuwa. Ila mwaka huu mkuki usiuguse."

Nkwabi aliinama akafunika uso. Scolastika alidhani analilia mashindano, kumbe alikuwa akishusha pumzi kwa kuwa hatakuwa kilema.

Mwaka ule alishinda Makoye, jirani yao. Nkwabi alikuwa nyumbani, kiwiko amekibana ubavuni, akivuta kamba iliyofungwa kwenye nguzo ya zizi, asubuhi na jioni, kama alivyoelekezwa. Maumivu yalipokwisha, akajifunza upya kukanyaga kwa mguu wa kushoto, kugeuza kiuno, ndipo mkono ufuate.

Mavuno yaliyofuata akasimama tena uwanjani. Mkuki ulitoka bila bega kulalamika. Makoye alimpita kwa hatua mbili, akaja kumpa pole. Nkwabi wala hakumsikia vizuri. Alikuwa akiuinua mkono juu kabisa, akiushusha, akiuinua tena, huku anacheka peke yake, mpaka Scolastika akamwambia inatosha, watu wanamtazama.