Bi Shaka na ile nne yenye kilema

Jua halijapata makali, na Bi Shaka amelala chali chini ya pikapu ya kijani, tochi mdomoni. Inayoonekana ni miguu tu, imevaa buti nyeusi zilizolowa oili. Mwenye gari, mwanamume wa shati jeupe lililonyooka kwa pasi, anaongea na miguu hiyo.

"Dada yangu, hii ni ya mwaka themanini na nne. Kadi si unayo? Huko chini unatafuta nini tena?"

Miguu inasogea kuelekea gurudumu la mbele.

"Haijawahi kupata hata mkwaruzo. Marehemu mjomba alikuwa anaifuta vumbi kwa shuka."

Kutoka chini ya gari linasikika guno moja fupi. Wateja wa gereji hii wanalijua guno hilo. Likitoka, mnunuzi anarudisha pochi mfukoni.

Jina la Bi Shaka alibandikwa na mafundi wenzake, na hajawahi kulikataa. Ni mwanamke mnene kiasi, mwenye macho makavu, asiyemwamini mtu hata anayemsalimia. Ukimpa soda, anaangalia kwanza kizibo. Kazi yake ya kila siku ni kufunga breki na kushusha injini, lakini kilichompa sifa ni kitu kingine: huletewa magari ya kazi ya zamani ili aseme yalitengenezwa mwaka gani hasa, si mwaka ulioandikwa kwenye kadi.

Na mwaka una uzito wake. Gari lililotengenezwa kabla ya mwaka themanini halipewi leseni ya kubeba mizigo. Basi wazee wote wa barabarani, ghafla bin vuu, wamekuwa vijana.

"Magari siku hizi yanazaliwa upya kuliko watu," anasema huku akijifuta mikono kwa kitambaa. "Lingine linakuja hapa lina miaka kumi pungufu ya lilivyokuja mara ya mwisho. Mimi nalikumbuka! Nalitazama hivi, nasema, ala, shikamoo mzee, umekuwa mtoto lini?"

Hatazami injini kwanza, kwa sababu injini kila mtu anabadilisha. Anafunua mpira wa sakafuni, ambako rangi ya zamani hujificha. Anachungulia vioo, kwa kuwa kila kioo kina alama ndogo ya kiwandani pembeni inayotaja mwaka. Walaghai hubadilisha kile kikubwa cha mbele na kukisahau kidogo cha pembe tatu mlangoni. Kisha anazigeukia skrubu za bawaba za milango.

"Za zamani zina mstari mmoja kichwani. Za baadaye zina msalaba. Nani atakumbuka skrubu za bawaba? Mwizi ana haraka, mimi sina."

Leo, hata hivyo, mkono wake si mwepesi kama siku nyingine. Mnunuzi ni wifi yake, dada wa mumewe. Kiwanda cha magodoro alichofanyia kazi tangu usichana kimefungwa, na kiinua mgongo chake chote kiko ndani ya mkoba alioukumbatia pale kwenye benchi. Anataka pikapu ya kupelekea magodoro ya viwanda vingine madukani. Hana mpango mwingine.

"Wewe wifi, utalikagua hadi liote ndevu," anamtania. "Sema moja, nalichukua au silichukui?"

"Kaa kimya wewe. Kaka yako mwenyewe nilimkagua miaka miwili ndipo nikakubali."

"Na bado ulikula hasara!"

Wanacheka. Mwenye shati jeupe naye anacheka, kwa sauti kubwa kuliko wote. Hapo ndipo Bi Shaka anapoacha kucheka.

Kioo cha pembe tatu kinasema sabini na moja. Skrubu zinasema hivyo hivyo. Chini ya mpira wa sakafuni kuna rangi ya maziwa ambayo, kwa maelezo yake, haikupakwa tena baada ya miaka hiyo. Imebaki namba ya chesisi, iliyogongwa kwenye chuma karibu na gurudumu la mbele. Namba inafanana na ya kwenye kadi, herufi kwa herufi. Anaisugua kwa msasa na kusogeza tochi. Chuma kinachoizunguka kimekwanguliwa kwa mashine hadi kikapungua unene. Namba ya kwanza iliondolewa, hii ikagongwa juu yake.

Kisha, ndani ya namba hiyo, anaiona ile nne. Mguu wake umekatika kwa chini.

"Roho ilinipasuka," anasimulia baadaye, sauti ikiwa imeshuka. "Ile nne naijua. Nimejifunza kazi kwa ile nne."

Fundi aliyemlea kikazi, ambaye wote wanamwita Mkono Mzito, ana seti moja tu ya vyuma vya kugongea namba. Kile cha kugongea nne kilimeguka mguu zamani, akakataa kununua kingine. Bi Shaka alipokuwa mwanafunzi wake alikigonga kwenye mabati mabovu mpaka kiganja kikaota sugu. Mzee huyo ndiye aliyemchukua pale gereji nyingine zote zilipomcheka kwa kuwa ni mwanamke.

Bi Shaka anakaa chini, mgongo kwenye gurudumu, na kumpigia mzee simu. Wifi yake anamwangalia. Mwenye gari naye anamwangalia, na tabasamu limeanza kumtoka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Kulikoni asubuhi yote hii?"

"Kuna pikapu ya kijani hapa. Namba umegonga wewe."

Upande wa pili mzee anakohoa.

"Mwenye gari aliniambia chesisi ilioza, wakaweka nyingine. Akanipa kadi, nikagonga."

"Chuma kimesagwa, fundi. Hukuona?"

"Niliona."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

"Si wewe uliyenifundisha kuuliza?" Machozi yanamtoka waziwazi, naye hayafuti.

Anapokata simu, anamgeukia wifi yake na kumwambia yote bila kuficha ni mkono wa nani uliogonga namba: gari ni la sabini na moja, kadi ni ya gari jingine, na siku litakaposimamishwa barabarani litachukuliwa, na kiinua mgongo kitakwenda nalo. Wifi anaukaza mkoba kifuani. Mwenye shati jeupe anasema atakwenda kumleta shahidi, anawasha pikapu, na hadi gereji inafungwa hajaonekana.

Wifi bado hana gari. "Afadhali nisubiri," anasema. "Angekuwa fundi mwingine, angemstiri mzee wake, mimi ningelia peke yangu."

Bi Shaka ana mpango. Anataka Mkono Mzito aje gereji na ile seti yake, wazungukie pamoja kila gari aliloligongea namba bila kuuliza, wamwambie mwenye nalo ukweli. Baada ya hapo anatamani wafungue chumba cha ukaguzi, wawili hao, meza moja. Mzee amesema atakuja Jumatatu.

Je, anaamini atakuja?

Bi Shaka anazima tochi na kuitia mfukoni.

"Yule ni baba yangu wa kazi," anasema. "Kiti chake nimeshakifuta. Lakini nitaamini nikimwona amekikalia."