Sarafu za Ouma Kutoka Amerika

Enzi zetu, na nyinyi mliokunywa maziwa ya shule kwenye pakiti za pembetatu mtanielewa, mtu hakuhitaji kwenda mbali kutafuta wa kumwonea wivu. Alikuwa papo hapo, ng'ambo ya ua. Wangu aliitwa Ouma, na mpaka leo sijamsamehe.

Sisi watoto wa kisiwa cha Rusinga tulikusanya kila kitu: vifuniko vya soda, karatasi za peremende, hata betri za redio zilizokwisha nguvu. Lakini hazina yangu ilizipita zote. Dani, yaani mama yake baba, alikuwa na kamba ya sarafu za kikoloni, zile zenye tundu katikati na picha ya pembe za ndovu kulizunguka tundu. Alizivaa kiunoni alipokuwa msichana. Jumamosi tukitoka kanisani, maana tulikuwa Wasabato, alinivisha shingoni, nami nikatembea polepole ili zigongane vizuri. Watoto walinifuata nyuma. Kwenye mchezo wa kati, ule wa kukwepa mpira, nilichaguliwa wa kwanza ingawa mpira ulinipiga kila uliporushwa, na kulikuwa na wasichana waliogombania kunibebea ndoo kutoka ziwani. Nilikuwa mtu, jamani.

Kisha baba yake Ouma, aliyekuwa amekwenda Amerika kusoma, akaanza kutuma visanduku. Kila kisanduku kilikuwa na sarafu moja imelazwa juu ya kitambaa laini cha buluu, na cheti chenye namba. Mwalimu wetu alikisoma cheti kile mbele ya darasa kwa sauti ya mahubiri: hizi ni nakala za sarafu adimu, za mwanzo kabisa wa nchi ya Amerika, na hata hizo nakala zimetengenezwa chache tu, zikiisha zimeisha. Sarafu moja ilikuwa na mwanamke mwenye nywele za kupeperuka, kana kwamba amesimama kwenye mtumbwi siku ya upepo. Lakini niliyoipenda mimi ilikuwa na jua lenye uso wa mtu, chini yake saa ya kivuli, na upande wa nyuma pete zimeshikana kama mnyororo. Ilikuwa na maandishi. Mwalimu akatutafsiria: "Shughulika na mambo yako." Darasa zima likageuka kunitazama.

Niliitamani sarafu ile mpaka uji ukakataa kushuka. Kila jioni nilipotumwa maji nilipitia kwa kina Ouma, japo njia ya ziwani ilikuwa upande mwingine kabisa. Mama yake hakutufukuza. "Waache," alisema, "macho hayana pazia." Tulijipanga kuzunguka kile kisanduku tukakipumulia, tukinuka jasho na moshi wa kuni, na Ouma mwenyewe akasimama juu yetu kama askari wa chifu.

"Angalia na macho, Atieno, si na mikono. Mikono yako iko na omena."

Ilikuwa nayo kweli, dagaa mpaka kwenye kucha, na hilo ndilo lililoniuma. Nilirudi nyumbani nikamuuliza baba yangu, aliyekuwa akivua samaki kisiwa cha Remba na kurudi na sukari na mkate, kwa nini yeye haendi Amerika kama wanaume wenzake. Akacheka mpaka akakohoa. "Nikienda, nani atakuletea mbuta?" Nilimwambia sitaki mbuta wala samaki mwingine. Usiku huo nilikula mbuta, nikaomba mchuzi zaidi, na bado nikalala nimenuna.

Aliyeniokoa ni dani. Siku moja alikokota fimbo yake mpaka kwa kina Ouma kujionea hayo yanayosemwa. Akaichukua ile ya jua (yeye hakuna aliyethubutu kumwambia habari za mikono), akaigeuza, akaiuma, akaiinua kwenye mwanga na kufumba jicho moja. Kisha akairudisha.

"Hii ni pesa ya zamani gani haina tundu?" akauliza. "Hao watu walikuwa wanaivaaje?"

Watu wakaangua kicheko. Mtoto yeyote wa kisiwa alijua kwamba pesa ya zamani ina tundu, kama vile mbuzi ana ndevu. Ouma akakifunga kile kisanduku upesi, na mimi, Mungu ananiona, nilifurahi mpaka miguu ikanicheza. Kabla jua halijatua kundi lote lilikuwa limerudi nyuma yangu.

Furaha yangu haikufika mbali. Kesho yake Ouma alibeba visanduku vyote akampelekea fundi wa baisikeli, na fundi, ambaye hakuwahi kumuuliza mteja maswali, akatoa keekee yake na kuzitoboa zote. Yule mwanamke alipata tundu shavuni. Jua nalo likatobolewa pembeni mwa mdomo, likawa kama linapiga mluzi. Ouma akazitunga kwenye kamba ya nyavu, akatokea shuleni akiwa amezivaa. Na mniamini nikisema zilikuwa zimependeza kuliko zamani! Zilimeta, zilikuwa nzito, na zilipogongana zilitoa sauti nene ambayo za dani hazikuwa nayo. Dani mwenyewe, damu yangu, alipiga makofi alipomwona. "Sasa hizo ni pesa," akasema. Nilikwenda nyuma ya ghala la mtama nikalia mpaka kwikwi ikanishika.

Kamba ya dani ilikwenda naye kaburini, kama alivyotaka. Ya Ouma ipo. Siku hizi ana duka la mabati na saruji hapa Suna, mjini Migori tulikohamia wote wawili, nami nauza omena sokoni humo, kwa hiyo hatujaachana. Sebuleni kwake kuna kabati la kioo lililojaa sarafu kama zile, maana hajaacha kuzikusanya: kila toleo maalum likitoka, huagiza lake lenye cheti cha namba. Hizi mpya hazitobolewi. Katikati ya zote inaning'inia ile kamba ya nyavu. Kila Jumapili nakwenda kumsalimia mkewe, nakunywa chai, kisha nasogea kabatini. Mama mzima mwenye miwani, na kifua kinawaka vilevile. Ouma hucheka tu na kuuliza, "Bado unaangalia na macho?"

Binti yangu Achieng' alichoka kunisikia. Vijana wa leo mnawajua: chakula hupigwa picha kikapoa ndipo kiliwe, na wivu wao wanauelekeza kwa watu wa Dubai ambao hawajawahi hata kuwaomba chumvi. "Si nikuitishie tu kwa simu, Mama?" akasema. Kidole kikateleza kwenye kioo, na kabla maji ya chai hayajachemka mambo yalikuwa yamekwisha. Kifurushi kikafika. Ilikuwa ileile, toleo jipya: jua, saa ya kivuli, pete, cheti chenye namba. Nikaishika kwa mikono yangu, omena na yote. Nikaisugua, nikaiweka juu ya meza inayotazama mlango, nikakaa kusubiri.

Watoto wa jirani waliingia kuuliza neno la siri la waifai. Mmoja aliisukuma kando apate pa kuweka simu yake. Kijana mwingine alau aliitazama, akauliza inaweza kununua nini, na kabla sijamjibu alikuwa ameshainamia simu yake.

Zamani kisiwa kizima kilikuwa na kisanduku kimoja, na sisi sote tulikuwa juu yake tukisukumana viwiko. Leo kila mtu anaweza kuwa na chake, na hakuna anayeinua kichwa kutazama cha mwenzake.

Jumapili iliyopita nilijifunga leso nikaelekea mlangoni. Achieng' akanitazama.

"Unaenda kuangalia za Anko Ouma tena? Lakini Mama, si uko na yako?"

"Niko nayo," nikamwambia. "Lakini nani ananionea wivu?"