Amri ya Mahakama na Pikipiki Isiyo na Mafuta

Juzi nilikuwa kwenye ofisi moja ya kata hapa Korogwe, nasubiri barua ya utambulisho, akaingia mama mmoja jicho limevimba. Mkononi ana amri ya mahakama inayomkataza mumewe kumsogelea.

Mtendaji wa kata akaisoma yote, taratibu, kama anayeonja mchuzi.

"Amri nzuri hii, mama. Sasa mpelekee mumeo asaini kwamba ameipokea."

"Nimpelekee mimi?"

"Pikipiki ya ofisi haina mafuta."

"Na akinipiga?"

"Hapo atakuwa amekiuka amri. Utarudi tumchukulie hatua."

Mama akamtazama. Kisha akaiweka ile karatasi mezani, akavuta kiti, akakaa ubavuni kwa mtendaji.

"Basi namsubiri hapa hapa, mwanangu. Huwa ananifuata kila niendako, na panga mkononi. Akifika utamkabidhi wewe."

Mtendaji akachungulia dirishani, akapaza sauti kumwita mgambo. Mafuta yakapatikana kabla kile kiti hakijapata joto.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tuache kusema ofisi zetu hazina mafuta. Wanayo. Wanasubiri tu panga ligeukie upande wao.